Pasaka Haijaisha



Wapendwa, mbona Ijumaa za Kwaresima tulijaa kanisani kwa Njia ya Msalaba, na tangu Jumatatu ya Pasaka Misa za asubuhi zimebaki na masista na wazee wachache? Siku 40 za toba tulizihesabu moja moja. Siku 50 za furaha tumezimaliza kwa sahani moja ya pilau.

Kanuni za Mwaka wa Liturujia za 1969 zaagiza siku zote hizo, hadi Pentekoste, ziadhimishwe kama sikukuu moja, Dominika kuu. Ndiyo maana twasema Dominika ya Pili ya Pasaka, wala si ya kwanza baada ya Pasaka. Hata matangazo yetu hukosea hapa, na kosa si la ulimi tu: tumeuhesabu Ufufuko miongoni mwa mambo yaliyopita.

Wengine watasema furaha haiagizwi. Kwani kufunga hatukuagizwa?

Katika jumuiya zetu zimo nyumba zilizozika wapendwa wao Kwaresima hii. Tulikwenda kulia nao. Jumamosi hii turudi, tukawaimbie Aleluya.