Kabla ya kuzima Tomcat, soma namba

Leo nina neno na mafundi wenzangu. Tovuti ikianza kutoa 503, mkono wa kwanza unakimbilia kuzima na kuwasha Tomcat. Isiposaidia, inazimwa tena. Ikikataa kabisa, ukuta wa moto unaondolewa, SELinux inazimwa, kila poti inaachwa wazi. Tovuti ikirudi, watu wanapongezana. Mimi hiyo siiti kutengeneza. Ni kubahatisha, na anayelipia ni mtu mwingine.

Kwa wasioujua mpangilio huu: mbele kuna seva ya wavuti, tuseme Apache, inayopokea wageni wote wa intaneti. Nyuma kuna seva ya programu, tuseme Tomcat, inayofanya kazi yenyewe, kama kukokotoa riba ya mkopo wa sacco au kuandika malipo. Apache hupitisha maombi nyuma kwa poti 8080, au kwa 8009 ikiwa inatumia itifaki ya AJP. Mara nyingi 503 maana yake ni kwamba Apache iko hai na imekupokea vizuri, ila haikupata wa kumkabidhi ombi lako. Nginx kwa hitilafu hiyo hiyo hukupa 502, kwa hiyo namba inayoonekana kwenye kivinjari haitoshi.

Namba ya maana iko kwenye logi ya makosa. Kwenye Linux, 111 inasema mashine imefikiwa lakini poti ile imekataa. Kwa kawaida hakuna anayesikiliza hapo. 110 inasema tumesubiri mpaka muda ukaisha, na mara nyingi ni ukuta wa moto unaomeza maombi kimya kimya. 13 inasema Apache yenyewe imenyimwa ruhusa ya kuunganisha. Kwenye Red Hat na jamaa zake, hiyo 13 karibu kila mara ni SELinux, na dawa ni mstari mmoja:

setsebool -P httpd_can_network_connect 1

Basi. Kuzima SELinux yote kwa sababu hiyo ni kung'oa mlango kwa kuwa ufunguo umekwama.

Tena kuwasha upya kunadanganya. Mod_proxy ikishindwa kumpata mwenzake wa nyuma, humwekea alama ya kosa na kwa kawaida haimjaribu tena mpaka sekunde 60 zipite. Tomcat imeshaamka, lakini wewe bado unaona 503, basi unaizima tena! Na kila ukiizima unakata maombi yaliyokuwa njiani. Mama ametuma malipo, simu yake imeshakatwa pesa, programu haikuwahi kuandika. Nani atamjibu kesho?

Kuhusu kufungua kila kitu, tuna mfano wa Februari 2020. Hapo ndipo ulipotangazwa udhaifu ulioitwa Ghostcat, CVE-2020-1938. Tomcat za wakati huo zilifungua AJP zenyewe, poti 8009, kwenye anwani zote za mashine. Aliyeifikia poti hiyo aliweza kusoma mafaili ya ndani ya programu, yakiwemo ya mipangilio, mahali ambapo wengi wetu huacha nywila ya hifadhidata.

Matoleo 7.0.100, 8.5.51 na 9.0.31 yaliziba tundu: AJP ikazimwa, ikafungwa ndani ya mashine yenyewe, na ikadai neno la siri. Waliosasisha wakakuta miunganisho imekatika. Ushauri uliosambaa? Weka secretRequired="false" na address="0.0.0.0". Yaani walirudisha tundu lile lile kwa mikono yao, na seva za namna hiyo bado nakutana nazo.

Ukitaka AJP, weka secret ile ile pande zote mbili: server.xml ya Tomcat, na workers.properties ikiwa unatumia mod_jk. Zikitofautiana utapata 403. Angalia pia anwani. Mfano ulio ndani ya server.xml unasikiliza ::1, ilhali workers.properties nyingi zinaelekeza 127.0.0.1, hapo utaona 111 na Tomcat ni nzima kabisa. Andika ss -ltnp uone nani anasikiliza wapi. Na kama huna sababu ya kutumia AJP, iache ilale. Mod_proxy_http kwenye poti 8080 inatosha tovuti nyingi.