Kambi za Wanachama

Mjomba wangu anafanya kazi Marekani. Mwaka juzi alinunua gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani, apate kusafiri na watu wake wakati wa likizo. Kisha akajiunga na chama chenye kambi za magari kama hayo. Alilipa ada ya mwaka mzima, akaambiwa kwamba hatalipa tena kila usiku. Alipotuandikia habari hizo, sote nyumbani tulimsifu kwa busara yake. Mimi sasa nimebadili mawazo.

Vyama hivi si vipya; Thousand Trails, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1969 katika jimbo la Washington. Chama cha mjomba ni kingine. Katika baadhi yake, mwanachama hukaa kambini mpaka siku 14, kisha hana budi kutoka kwa juma moja. Sheria hiyo haimsumbui mzee aliyestaafu, ambaye yu njiani miezi yote. Juma lile hulala kwingine, kisha hurudi. Ada yake humfaa kweli. Lakini mjomba ana likizo ya majuma mawili tu, tena mwezi wa Julai, wakati ambapo watu wengi nao wako safarini. Kila alikopiga simu aliambiwa pamejaa. Akalala katika kambi za kulipia, akatoa fedha mara ya pili.

Kwa maoni yangu, ada ile hainunui nafasi; hununua ruhusa ya kuomba nafasi. Basi mtu na ahesabu kwanza atalala siku ngapi, na mwezi gani, ndipo afungue mfuko. Mwenye maoni mengine na aandike, tumsome.