Elimu Haiuzwi, Lakini Mwalimu Naye Anakula

  

Mwaka huu kamati iliitisha mkutano wa wazazi baada ya sala ya Alasiri, na ajenda ilikuwa moja tu: ada ya mwezi ipande kutoka shilingi 2,000 hadi 4,000, au ibaki ilivyo. Waliohudhuria wanajua kilichotokea. Maneno yalikuwa mengi, sauti zilipanda, na adhana ya Magharibi ikatukuta bado tunabishana. Tuliondoka bila uamuzi. Sisi walimu hatukusema mengi siku ile, kwa sababu ni vigumu mtu kutetea tumbo lake mbele ya watu. Lakini kunyamaza nako kuna madhara yake. Kwa hiyo tunaomba nafasi katika kurasa hizi tuseme lililo moyoni, kwa adabu na bila kumvunjia mtu heshima.

Hoja zilizotolewa

Hoja ya kwanza ilitoka kwa mzee wetu mmoja tunayemheshimu sana. Alisema yeye alisoma chuoni kwa senti za Alhamisi na kuni za kumpelekea mwalimu, na mwalimu wake hakuwahi kudai kitu. "Qur'ani haiuzwi," alisema. "Anayefundisha kwa ajili ya Mungu atalipwa na Mungu."

Hoja ya pili ilitoka kwa mama mmoja anayeuza vitumbua, mwenye watoto watatu hapa kwetu. Alisema, "Ustaadh, serikali imefuta ada shuleni, watoto wanasoma bure. Inakuwaje nyumba ya dini itoze zaidi ya serikali?"

Hoja ya tatu ilisemwa kwa sauti ya chini, lakini tuliisikia: "Hizo tunazotoa sasa zinakwenda wapi?"

Hoja zote tatu ni za haki, na tutazijibu moja moja.

Je, mwalimu wa Qur'ani anaruhusiwa kulipwa?

Jambo hili halikuanza mtaani kwetu. Wanachuoni wamelijadili tangu karne za mwanzo. Wanaokataza wanataja habari ya Sahaba Ubada bin Samit (R.A.), aliyewafundisha baadhi ya watu wa Suffa, na mmoja wao akampa upinde kama zawadi. Alipomuuliza Mtume (S.A.W.), alipewa onyo kali. Wanaoruhusu wanataja habari ya Masahaba waliokuwa safarini, wakamsomea Qur'ani mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, akapona, nao wakapewa kondoo. Waliporudi kwa Mtume (S.A.W.) wakiwa na wasiwasi, hakuwalaumu, bali aliwathibitishia kwamba ujira wao ni halali.

Wanachuoni wa Kihanafi wa mwanzo walikataza. Waliokuja baadaye katika madhehebu hayo hayo waliruhusu, walipoona kwamba misaada waliyokuwa wakipata walimu imekatika na elimu inaelekea kupotea. Madhehebu yetu ya Kishafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani hii, yanaruhusu. Imam Abul-Hasan al-Qabisi wa Qayrawan, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, aliyefariki mwaka 1012, aliandika kitabu kizima juu ya walimu na wanafunzi. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: kama watu wangengoja wapatikane wa kufundisha watoto bila malipo yoyote, watoto wengi wangekua bila kuijua Qur'ani.

Imepokewa pia kwamba Madina ilikuwa na walimu watatu wa watoto, na Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) akimpa kila mmoja dirhamu 15 kwa mwezi. Hakuwaambia wangoje malipo ya Akhera peke yake, ingawa hakuna aliyeijua Akhera kumshinda yeye. Alijua kwamba mwalimu mwenye njaa hufundisha huku jicho lake liko mlangoni.

Mzee wetu anasema kweli kwamba elimu haiuzwi. Lakini hebu tukumbuke vizuri. Yule mwalimu wa zamani alikuwa na shamba, au mashua, au cherehani. Wanafunzi walimlimia na kumchotea maji, na mtoto akihitimu mzazi alipeleka kanzu, mchele na mbuzi. Huo wote ulikuwa ni ujira, ila haukuitwa ada. Leo mtoto hatumwi shambani kwa mwalimu, wala sisi hatutaki atumwe. Mwalimu amepanga chumba, ananunua unga dukani, na mwenye nyumba hapokei kuni.

Hakuna elimu ya bure

Sasa tuje kwa mama yetu wa vitumbua. Ni kweli Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002. Kuanzia Januari 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na cha sita. Ni neema kubwa, na watoto wengi wa maskini wameingia darasani kwa sababu hiyo.

Lakini ada kufutwa si gharama kufutwa. Mwalimu wa shule ya serikali analipwa mshahara kila mwezi, na shule inapelekewa ruzuku kwa hesabu ya wanafunzi. Fedha hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwetu. Wazee wanakumbuka kodi ya kichwa, mgambo wakisimama njia panda kudai risiti, na vijana wakipita vichochoroni. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, lakini halmashauri hazikuacha kuhitaji fedha. Serikali kuu ilizifidia kwa ruzuku, na ruzuku nayo ni kodi iliyokusanywa pengine. Leo hakuna mgambo njia panda, lakini ukinunua bidhaa inayotozwa kodi ya ongezeko la thamani, kwa kawaida asilimia 18 imo ndani ya bei. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa unaponunua umeme wa LUKU. Mama yetu anapowasha taa alfajiri akaange vitumbua, ameshachangia mfuko wa umma kabla hajauza hata kimoja.

Na hata hivyo mfuko huo hautoshi kila kitu. Waraka wa elimu wa mwaka 2016 ulioeleza majukumu ulibakisha kwa mzazi sare, madaftari na chakula cha mtoto. Ndiyo maana mikutano ya shule za serikali nayo ina mabishano kama yetu: nani achangie uji, nani amlipe mlinzi, dawati lililovunjika ni la nani. Baadhi yetu tuna watoto huko, na tumekaa katika mikutano hiyo kama wazazi. Tumejifunza kwamba neno "bure" likishaingia masikioni, mtu huona hata mchango wa haki ni wizi.

Ama madrasa haimo katika hesabu hiyo. Nchi yetu haina dini, na kodi haimlipi ustaadh wala katekista. Hatulalamiki, ni utaratibu wa nchi. Lakini maana yake ni kwamba nyuma ya madrasa hakuna hazina. Nyuma yake mpo nyinyi.

Fedha zinakwenda wapi

Hoja ya tatu ndiyo iliyotuuma, kwa kuwa kosa ni letu. Miaka yote hii hatujawahi kubandika mahesabu ukutani. Basi haya hapa.

Tuna wanafunzi 130. Wote wakilipa shilingi 2,000, tungepata 260,000 kwa mwezi. Katika miezi ya kawaida hulipa nusu, yaani kama 130,000. Umeme, maji, chaki na ukarabati mdogo huchukua 30,000. Zinabaki 100,000, nasi tuko walimu wanne. Kila mmoja anapata 25,000 kwa mwezi, kwa kufundisha siku tano kwa wiki, na Jumamosi asubuhi.

Mwaka jana tulikuwa watano. Mwenzetu aliyekuwa akifundisha Juzuu Amma alikuwa na sauti nzuri na subira kutuzidi sote. Mke wake alipojifungua alikopa pikipiki akaanza bodaboda, kwanza asubuhi tu, kisha na jioni. Siku moja alikuja akakaa kwenye mkeka wake, akawasikiliza watoto wote mmoja mmoja hadi mwisho, akatuaga. Hatukuwa na la kumwambia. Darasa lake la watoto 31 tulilichanganya na jingine, na wazazi wengine walituuliza mbona mtoto ameganda kwenye sura moja miezi mitatu. Jibu ndilo hilo.

Na lipo jingine ambalo lazima tulikiri. Kabla ya Ramadhani iliyopita tuliamua kuwarudisha nyumbani watoto wasiolipa, tukidhani wazazi watashtuka. Wengi walirudi na fedha. Mmoja hakurudi. Tulipokwenda kwao tukakuta analelewa na bibi yake, na bibi alikuwa mgonjwa. Mtoto alikuwa amemficha habari ya ada ili asimwongezee mzigo, akawa anakaa ufukweni mpaka saa ya madrasa iishe, ndipo anarudi nyumbani. Tulimwomba radhi bibi, na mtoto tukamrudisha. Lakini tuliona aibu mbele ya Mola wetu. Mtoto hana deni. Kumdai yeye ni kumdhulumu.

Tunachopendekeza

Kwa hayo yote, hatusemi tu "pandisheni ada". Tunapendekeza mambo manne, na yasimame pamoja, kwa maana moja likiondolewa mengine yataanguka.

Kwanza, mwenye uwezo alipe 4,000. Ni chini ya shilingi 150 kwa siku. Wapo miongoni mwetu wanaolipia masomo ya ziada ya hesabu mara kadhaa ya kiasi hicho na hawanung'uniki. Hatuwalaumu, hesabu ni elimu. Tunauliza tu, je, Qur'ani ipewe makombo?

Pili, yatima na asiyejiweza asilipe kitu, na jina lake lisisomwe popote. Alijue mweka hazina na mwalimu mkuu basi. Tukikadiria kwamba hao watafika 40, wanaobaki 90 wakilipa 4,000 zinapatikana 360,000. Ukitoa matumizi, kila mwalimu anapata 82,500. Si mshahara wa kujivunia, lakini mtu anaweza kumwambia mwenye nyumba asubiri wiki moja badala ya mwezi mzima. Na mtoto asirudishwe tena nyumbani kwa ajili ya ada. Hilo tunaliahidi.

Tatu, mahesabu yabandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi, na wazazi wawili wasio wanakamati wayakague. Nasi walimu tuandikwe pia: nani amefika, nani amechelewa, nani hakuja. Anayelipwa lazima aulizwe.

Nne, tuanze wakfu, hata mdogo. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi nzuri Khaybar, Mtume (S.A.W.) alimwongoza aizuie asili yake na atoe mazao yake sadaka. Inasimuliwa kwamba msikiti wa Qarawiyyin wa Fez, nchini Morocco, ulioanzishwa mwaka 859 na kuwa chuo kikubwa, ulijengwa na mwanamke, Fatima al-Fihri, kwa mali ya urithi wake. Sisi hatuna mali ya Fatima. Lakini upande wa barabara pana kiwanja cha madrasa kinachotosha vyumba viwili vya duka. Haba na haba hujaza kibaba. Kodi ya vyumba viwili ingemlipa mwalimu mmoja kila mwezi, awepo mfadhili au asiwepo.

Kwenu wanafunzi

Nanyi wanafunzi wetu, haya ni mambo ya wakubwa, lakini tumeyaandika katika gazeti lenu kwa makusudi. Mjue kwamba mkeka mnaoukalia, taa inayowaka juu yenu na mtu anayewasahihisha herufi, vyote vina mtu aliyejinyima. Msimcheke mwenzenu ambaye hajalipa. Na mkija kuwa wakubwa, mkawa wahasibu, madiwani au wafanyabiashara, mkumbuke kulipa kodi yenu kwa uaminifu na kuisimamia isiliwe, kwa sababu ndani yake mna chaki ya mtoto msiyemjua.

Mkutano mwingine, inshaallah, utakuwa Jumapili ya kwanza baada ya gazeti hili kutoka. Mzee wetu tunamwomba aje, na mama yetu wa vitumbua aje, na yule aliyenong'ona aje akae mbele kabisa aulize kwa sauti. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie ikhlasi katika kufundisha, uaminifu katika mali ya watoto, na awape wazazi wetu riziki ya halali yenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.