Likizo na jedwali la kuzidisha

Kila likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ikiwadia, mjadala ule ule huzuka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza waziwazi masomo ya ziada wakati wa likizo, na ni vyema hivyo. Hata hivyo, wapo wazazi wanaowapeleka wana wao masomoni kisirisiri, wakihofia kwamba Januari itawakuta wamesahau hata sita mara nne. Hofu yao ina msingi. Dawa yao ndiyo mbovu.

Mimi ni mwanaisimu, si mwalimu wa hisabati, lakini neno hilo "mara" linanihusu. Mswahili asemapo amekwenda sokoni mara nne, anahesabu marudio ya tendo. Kwa hivyo "chapati sita mara nne" humjia akilini kama sahani nne, kila moja ikiwa na chapati sita. Kiingereza, lugha ambayo wanafunzi wetu wengi husomea hisabati, kwa kawaida hutanguliza idadi ya marudio: sahani sita, chapati nne nne. Jibu ni 24 kwa vyovyote vile, ila picha hizo mbili hazifanani, na mtoto anayekariri jedwali kama kasuku haoni hata moja.

Sikukuu humwonyesha zote mbili. Siku ya Krismasi mpe chapati (zikiwa moto hatakataa kazi hiyo!) azipange kwa njia ya kwanza, kisha kwa ya pili. Idi haifuati kalenda ya shule, lakini nayo ina zoezi lake tangu jadi: fitri hutolewa pishi moja kwa kila kichwa, na pishi ni vibaba vinne. Nyumba ya watu saba itapima vibaba vinne mara saba, yaani 28. Mtoto na apime mwenyewe. Kisha aulizwe: je, ndugu yako angezaliwa kabla ya Ramadhani kwisha? Ataongeza vinne tu, bila kuanza upya, na hapo ataona jinsi jedwali linavyojengwa.

Walimu wanaofunga shule kwa kuwatwika watoto makaratasi ya maswali mia moja wangefanya hisani kubwa kuwaandikia wazazi ukurasa mmoja wa michezo ya aina hii, tena kwa lugha izungumzwayo nyumbani. Kamati ya Gachathi ilipendekeza tangu mwaka wa 1976 kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mazingira ya mtoto. Shule nyingi zimelipuuza pendekezo hilo. Mzazi aliye jikoni anaweza kulitekeleza likizo hii hii.