Kiwanja cha 20 kwa 20 kitakubana

Vijana wengi mnaniuliza: ninunue kiwanja kidogo karibu na lami, au ekari moja kule ndani? Mimi nasema ekari, bila kupepesa macho.

Chukua futi kamba upime. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, kona hadi kona ni mita 28 tu. Sisi tunashauri kisima kikae angalau mita 30 toka chooni. Sasa hapo utachimba wapi? Na bado hujaweka nyumba, stoo ya chakula, wala banda la kuku wa mayai 500, ambalo peke yake linataka zaidi ya mita za mraba 80. Nimeshaona kijana anauza kuku wote ndani ya wiki moja kwa sababu majirani wamechoka na harufu, tena ndo walikuwa wanaanza kutaga. Iliniuma.

Ekari ni kama viwanja kumi vya namna hiyo. Ni kweli barabara ni mbovu, na umeme unaweza kuchelewa. Ila kabla hujalipa, pita ofisi ya ardhi uulize eneo limepangwa kwa matumizi gani. Halafu rudi shambani siku ya mvua, uone maji yanapita wapi.