Jirani Yako Ana Betri Gani?

Tangu tutangaze kuwa toleo hili litahusu kamera ya kwanza, meza yangu imejaa tanzia. Kamera ya kioo, DSLR, imekufa, wananiandikia. Mmoja ameweka hata tarehe ya kifo: Desemba 2021, Canon iliposema EOS-1D X Mark III ndiyo itakuwa kamera yake ya mwisho ya kioo katika daraja la juu. Mwingine ananikumbusha kuwa Nikon D3500 ya mwaka 2018 iliondoka sokoni bila kuacha mrithi. Sawa. Kaburi likishachimbwa sibishani nalo. Ninachouliza, nikiwa hapa kijijini Mbangala, ni swali la wanandugu baada ya matanga: mirathi inakwenda kwa nani?

Maana inakuja kwetu. Mpiga picha wa Ulaya au wa Dubai akihamia mirolesi, kamera isiyo na kioo, anaacha nyuma bodi, lenzi mbili, chaja na mkoba, na mali hiyo haiozi kabatini kwake. Inashukia Kariakoo, inapanda basi hadi Mbeya na Tunduma, inakula vumbi la barabara ya Mbalizi kuja Mkwajuni, na siku moja unaikuta shingoni mwa kijana kwenye mahafali ya shule ya msingi. Marehemu gani huyu anayezidi kuonekana harusini?

Msimu uliopita alinijia kijana wa hapa hapa kijijini. Ufuta wake umelipwa, fedha iko kwenye simu, na roho haitulii. "Shikamoo mzee. Nichukue R50 mpya ya boksi, au 200D iliyotumika? Ipi kali?"

Ukisoma sifa tu, kesi imekwisha. Zote mbili ni za Canon, R50 ya mirolesi na 200D ya kioo, na zina megapikseli 24.2. R50 ya mwaka 2023 inatafuta jicho la bibi harusi yenyewe na kulifuata hadi pembeni mwa picha. 200D ya mwaka 2017, ukichungulia kwenye tundu lake, ina alama 9 za kulenga zilizojikusanya katikati kama kuku wakati wa mvua. Sikumjibu ipi kali. Nilimuuliza: jirani yako ana betri gani?

Akadhani namtania. Lakini nionyesheni mpiga picha wa Mbangala anayefanya kazi peke yake. Jumamosi inaanza kanisani, Moravian au kwingine, inakwenda chakula cha mchana, inaishia ukumbini usiku wa manane huku MC akiita kamati ya tano kuja kutunza. Umeme ukikatika, jenereta ni ya muziki, si ya chaja yako. Saa nne usiku utampigia mwenzako wa Saza akupe betri, na bodaboda itamleta mwingine kutoka Mkwajuni na lenzi ya 50. Hiyo ndiyo stoo yetu. Haina duka, haina risiti, na watu wanaotuandikia kuhusu kasi ya kulenga hawajawahi kuihesabu.

Kwa hiyo tuhesabu. 1100D, 1200D, 1300D, 2000D na 4000D zote zinakula betri moja, LP-E10. 550D, 600D, 650D na 700D zinakula LP-E8. Hizo ni koo mbili za kioo, na kila moja itazikwa na watu wake. Ukoo wa tatu ndio unaonivutia: LP-E17. Iko ndani ya 750D, 800D na 200D, ambazo ni kamera za kioo. Na iko ndani ya R50, R100 na R10, ambazo hazina kioo. Betri ile ile, chaja ile ile. Huku watu wanachapana maneno kuhusu ng'ambo ipi ya mto ni bora, Canon yenyewe imetandika ubao wa kuvukia na hakuna aliyeutazama.

Lenzi nazo zina ukoo. Mdomo wa EF, pale lenzi inapovaa, umekuwepo tangu 1987, na lenzi yake inavaa kwenye kamera mpya za RF kama R50 kwa kipande cha kuunganishia, ikiendelea kulenga kama kawaida, kwa sababu RF ina nafasi ya kutosha: kutoka mdomoni hadi kwenye sensa ni milimita 20, wakati EF ilihitaji 44. Kipande hicho kinaziba tofauti tu. Kinyume chake hakiwezekani. Lenzi ya RF haitavaa kwenye DSLR ya jirani yako hata mkiapizana. Maana yake ni kwamba anayeanza na EF leo ananunua lenzi ya kuazima sasa na ya kuhama nayo kesho. Anayeanza na RF peke yake katika kijiji cha EF anaweza kupokea, ila hawezi kutoa. Na sisi tunamjua mtu wa kupokea tu.

Sasa flashi, ambayo makala zote kumi na moja za toleo hili zimeiruka. Pale juu ya kamera, flashi inapochomekwa, kwa miongo mingi kulikuwa na kidoa cha chuma katikati. Kidoa hicho ndicho kinachoamsha flashi yoyote ya bei ya chini na rimoti yoyote. Kwenye 2000D, 4000D na 250D, Canon imekiondoa. Kijana ananunua 4000D mpya, ana furaha, plastiki haijabanduliwa (na mdomo wenyewe wa lenzi ni plastiki), halafu anaazima flashi ya kawaida na haiwaki. R50 nayo inataka kipande cha AD-E1 ndipo ipokee flashi hizi tulizozizoea. 1300D, 700D na 200D, zile kuukuu, bado zina kidoa. Kama unaona ninamshabikia marehemu, uko sahihi, na hii ndiyo sababu.

Sitetei kila kitu chenye kioo. Wa D3500 watajivunia picha 1,550 kwa chaji moja, na ni kweli, hakuna mirolesi ya daraja lile inayoikaribia. 200D yenyewe inaishia 650, na M50, mirolesi ambayo vijana wengi waliikimbilia, ni 235. Lakini D3500 haina mota ya kulengea ndani ya bodi, kwa hiyo lenzi za zamani za AF na AF-D utazizungusha kwa mkono huku maharusi wakipita. Na kuhusu M50: ukoo wake wa EF-M ulianza 2012 na kufungwa 2023. Haukuwa na kioo, na bado ulikufa kabla ya hao unaowazika. Wanaosema "nunua mirolesi, ndiyo ya baadaye" waniambie waliwaeleza nini wateja wao wa M50.

Makala yenye nguvu zaidi ya upande wa pili imetoka kwa dada yetu wa Tunduma, anayepiga harusi huku na ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Hoja yake ni kwamba mwanafunzi wa mirolesi anauona mwanga kabla ya kubonyeza. Shela jeupe, ngozi nyeusi, jua la saa saba: kwenye tundu la DSLR vyote vinaonekana salama, na usiku nyumbani ndipo unagundua shela limeungua, halina hata mkunjo mmoja. Hapo amenigonga. Nimeharibu mashela, na nimefundisha vijana walioharibu zaidi yangu. Ila 200D ukiinua kioo na kutumia skrini inakuonyesha mwanga ule ule, na inafuata uso vizuri, gharama yake ni betri kwisha mapema. Hakulitaja hilo. Labda kwa sababu ameshauza ya kwake.

Tena, kamera mbili kati ya tatu anazozisifu, Sony ZV-E10 na Nikon Z30, hazina tundu la kuchungulia kabisa. Tunduma iko juu, ina baridi na mawingu. Huku chini bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, skrini wakati wa mchana ni kioo cha kunyolea ndevu: unajiona mwenyewe.

Fundi wetu wa Mwanjelwa ameandika kuhusu vumbi, na ninawaomba msome hata kama hamtasoma kingine. Kamera nyingi za mirolesi za bei ya chini huacha pazia wazi hata zikiwa zimezimwa. Ukitoa lenzi pembeni mwa barabara ya machimbo, sensa inatazama vumbi uso kwa uso. Kwenye DSLR kuna kioo na pazia mbele yake. Fundi hasemi DSLR haichafuki, anasema inampa mteja muda wa kujuta. Ushauri wake wa kugeuza mdomo wa kamera chini na kubadilishia lenzi ndani ya mfuko wa nailoni safi umewahi kuniokoa, ingawa abiria wenzangu kwenye Noah walidhani nakula kitu kwa uchoyo.

Mengine kwa kifupi. Wakili mmoja wa Vwawa anaeleza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Isomeni kabla ya kubandika harusi ya watu kwenye status. Kuna makala ya picha za pasipoti, kazi ambayo hakuna anayejitambia na ndiyo inayolipa pango. Picha za Kimondo cha Mbozi ni nzuri, ingawa mwandishi angefika asubuhi chuma kile kingempa zaidi. Makala ya kulinganisha megapikseli 18 na 24 nimeichapa kwa sababu niliahidi.

Ukurasa wa mwisho nimeuacha na mistari mitupu. Andika kamera yako, betri yake, lenzi zako na kijiji chako, ukate, umpe dereva wa gari la Mkwajuni aniletee. Nataka kujua tuna nini kabla ya mtu mwingine kuniandikia tunapaswa kununua nini.

Kijana wa ufuta? Alinisikiliza kwa adabu zote, akaenda kununua R50. Jumamosi iliyofuata, saa tatu usiku, alikuwa mlangoni kwangu, suti imejaa vumbi, bodaboda inanguruma nje. "Mzee, ile 200D yako, betri yake nasikia inaingia kwangu."

Ilikuwa imejaa chaji. Nikampa zote mbili, betri na kamera.