Eliya Chini ya Mretemu



Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, tunasoma habari za nabii Eliya. Alikuwa ametoka kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli. Malkia Yezebeli alipoapa kumwua, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Huyu hakuwa mtu asiye na imani. Alikuwa amechoka hata ndani ya nafsi.

Tuangalie alivyouguzwa. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Baadaye, huko Horebu, ndipo Mungu alipomwuliza anafanya nini pale. Eliya akajibu kwamba amebaki peke yake. Alipoulizwa tena, akarudia maneno yale yale. Kumbe Mungu alikuwa na waaminifu wengine 7,000! Fundisho ni hili: si kila sauti isemayo ndani yetu ni ya Mungu. Nafsi iliyochoka hutuambia uongo ule ule kila siku.

Ugonjwa huo huitwa sonona. Mtu akikaa majuma mawili au zaidi na huzuni, halali vizuri, hali chakula, hafurahii alichokipenda, na kujiona si kitu, apelekwe hospitali. Dawa zipo, ila huchukua majuma kadhaa kuleta nafuu. Kumwambia asali zaidi, na kuishia hapo, ni kumnyima ule mkate wa malaika. Sala na dawa hazigombani.

Huku Malolo tunalima vitunguu. Bei ikianguka mkulima akiwa na deni, na dawa ya wadudu iko chini ya kitanda, hatari ni kubwa. Ifungieni kwa kufuli, ufunguo akae nao mtu mwingine. Tena msiogope kumwuliza mgonjwa waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema.

Na msiba ukitokea, familia isitengwe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha kwamba ugonjwa mzito wa nafsi waweza kupunguza hatia, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa marehemu.

Mwishoni Eliya alipewa mwenzake, Elisha. Basi kila jumuiya ndogondogo imtafute anayejifungia ndani peke yake. Impelekee chakula kwanza, maswali yatafuata.